Galaksi Iliyowaka Kila Oktoba

Watu wa kijiji cha Ziwani, huku kusini, wakitaka kumtania Mwalimu Mwanakombo humuuliza kama shimo lake jeusi limeamka salama. Naye hujibu kwamba limeamka, linawasalimu, na linauliza mbona shamba la fulani halijapaliliwa mpaka leo. Ameshazoea. Mtu mzima anayefundisha fizikia katika sekondari ya kata, anayeshika chaki siku za kazi na jembe siku za mapumziko, halafu akasema anasomea kitu ambacho mwanga wake ulianza safari kabla dunia hii haijaumbwa, huyo lazima ataniwe. Asipotaniwa ajue watu wamemchoka.

Alizaliwa hapo hapo Ziwani, mtoto pekee wa Bi. Mwanaidi, na darasa lake la kwanza la fizikia lilikuwa shamba la mikorosho. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, na mashine ya kupulizia salfa ikabaki imeegemea ukutani haina wa kuibeba. Majirani walidhani mjane atatafuta kibarua. Bi. Mwanaidi akaivaa mgongoni mwenyewe, akajifunga kitambaa usoni, akaingia shambani alfajiri umande ungali kwenye majani, maana salfa haishiki kwenye jani kavu. Walimcheka msimu mzima. Msimu uliofuata mikorosho yake haikuwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoua maua, ya waliomcheka ilikuwa nao, na kicheko kikaisha chenyewe.

Kazi ya Mwanakombo ilikuwa kumjazia mama yake unga wa salfa kwenye mashine, na amri aliyopewa ilikuwa moja tu: asikae mbele ya bomba. Ukisimama pembeni unaona wingu la manjano likipanda mtini, limetulia, halina neno na wewe. Ukisimama mbele huoni wingu lolote. Unapigwa usoni, macho yanawaka, na unaamini mashine nzima imewashwa kwa ajili yako peke yako. Alisimama mbele mara moja, akalia mpaka jua likachomoza, na mama yake hakumbembeleza hata kidogo. Alimwosha macho kwa maji ya dumu, akamwambia sasa amejua.

Miaka ilipita. Alisoma, akarudi kufundisha kwao, kisha akajiandikisha shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, akawa anakwenda wakati shule zimefungwa. Huko ndiko Dokta Elia, aliyekuja kuwa msimamizi wake, alipowaeleza habari za galaksi zenye mashimo meusi yasiyotulia. Katikati ya galaksi kama hiyo, alisema, limekaa shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni ya majua. Linavuta gesi iliyolizunguka, na sehemu ya hiyo gesi badala ya kumezwa hurushwa nje kwa mikondo miwili iliyonyooka, kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Nyingi tunaziona ubavuni. Chache mkondo wake umeelekea kwetu moja kwa moja, na hizo ndizo zinazotupiga kwa miale ya gama, miale yenye nguvu kuliko hata ile ya eksirei ya hospitali. Wanafunzi wenzake waliandika. Mwanakombo aliacha kuandika. Aliyakumbuka yale macho yake yaliyowaka shambani, akasema moyoni kwamba hapo tumesimama mbele ya bomba, na siku hiyo hiyo akachagua atakachoandikia tasnifu.

Kuchagua ni rahisi. Kumbukumbu za darubini inayozunguka dunia na kuhesabu miale ya gama, mmoja mmoja, zimewekwa wazi mtandaoni, na mtu yeyote mwenye kompyuta na bando anaweza kuzichukua. Ila kompyuta ya Mwanakombo ilikuwa kuukuu, mtandao wa Ziwani unakuja na kuondoka upendavyo, na mahesabu yenyewe yanaweza kuendelea kutwa nzima. Aliyemwokoa ni Nilza, mwenye duka la steshenari Magomeni, si ile ya Dar bali mtaa wa mjini kwetu, binti wa watu waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji na kutia nanga Kilambo, pale mpakani, kabla ya kuhamia mjini. Walisoma pamoja. Nilza alimtengea meza nyuma ya mashine ya fotokopi, akamwambia aache kompyuta yake pale iteseke yenyewe. Kila Jumamosi Mwanakombo alishuka Magomeni, akawa anahesabu miale ya galaksi huku watu mbele yake wakitoa nakala za vyeti vya kuzaliwa.

Galaksi aliyoichagua ni hafifu, haina jina la maana, ina namba tu. Iko upande wa buruji ya Mashuke, mojawapo ya makundi ya nyota ambayo jua huyapitia kwa mwaka. Alichora mwanga wake wa gama mwezi kwa mwezi kwa miaka yote ambayo darubini imekuwa juu, na mchoro ulipotoka kwenye printa ya Nilza, alikaa. Kila mwaka, ifikapo Oktoba, mstari ulipanda. Ukashuka. Oktoba nyingine ukapanda tena. Kulikuwa na mpando mwingine mmoja mkali, wa Juni ya mwaka mmoja tu, haukurudi tena, naye akauona kama kichaka kilichoota katikati ya njia. Macho yake yalikuwa kwenye zile Oktoba.

Dokta Elia alipotumiwa mchoro alimpigia simu siku hiyo hiyo, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Galaksi inayowaka na kufifia kwa mpangilio ni jambo watu wanalitafuta sana, alisema, maana huenda kuna mashimo meusi mawili yanazungukana ndani yake, na mkondo unayumba kila yanapopishana. Huenda ni hilo. Alimtaka aandike haraka. Na haraka ilihitajika kwelikweli, kwa sababu Mwanakombo alikuwa amekwishaongezewa muda mpaka chuo kikachoka naye. Tarehe ya kutetea tasnifu ilipangwa mwezi Novemba, na barua pepe ya chuo haikuzunguka: asipoitetea siku hiyo, au akiitetea ikaanguka, jina lake linafutwa na miaka yote aliyosoma inakuwa si kitu.

Aliandika kama mtu anayefukuzwa. Mkuu wa shule yake, Mwalimu Frank, alipopata habari hakuweza kukaa nayo. Frank ni mtu mwema, ila habari njema ikiingia sikioni kwake inatokea mdomoni kabla haijapoa. Akaamua kwamba Mwalimu Mwanakombo lazima azungumze na wazazi, ili watoto wa kike wasikimbie masomo ya sayansi, na mahali pa kuwapata wazazi wote mwezi Oktoba ni mahali pamoja tu: ghalani kwa chama cha msingi, siku ya kupokea korosho kabla ya mnada.

Siku ya kupokea ina utaratibu wake, na kwa mgeni unaweza kuonekana ukatili. Ukifika na gunia, halipimwi limefungwa. Unalifungua mwenyewe, unalimwaga kwenye turubai mbele ya kila mtu, na wenzako wanainama kuchambua. Zilizosinyaa kando, zenye unyevu kando, mawe kando, na mawe huwa yapo, sijui yanaota. Hakuna anayekasirika, kwa sababu hakuna asiyemwaga, awe shehe, awe mwenyekiti. Bi. Mwanaidi ana tabia ya kuchambua kwake nyumbani mara mbili, na mbovu zake huja nazo kwenye kifurushi cha pembeni na kukitaja kabla hajaulizwa. Ndiyo maana akimwaga, watu huinama kwa adabu tu.

Asubuhi hiyo Frank alimkaribisha Mwanakombo kwa maneno mengi, naye akasimama kando ya turubai akawaeleza. Aliwaambia habari za bomba la salfa na mtu aliyesimama mbele yake, na wote waliwahi kupigwa na salfa usoni, wakaelewa bila shida. Kisha akawaambia kwamba ameona jambo ambalo huenda hakuna mwingine ameliona: galaksi hii ina msimu. Kila mwaka korosho zinapoanza kuanguka Ziwani, nayo huko iliko inawaka. Hapo ghala zima lilipiga makofi. Bi. Mwanaidi hakupiga, alikuwa anaisokota pembe ya kanga yake kwa mikono miwili, na Mwanakombo alijua kwamba hufanya hivyo anapojivunia jambo na hataki lionekane.

Mzee Sudi, aliyekuwa msimamizi wa kuchambua, akauliza kwa nia njema kabisa iko upande gani, ili naye akienda kwake aonyeshe. Mwanakombo hakuwahi kujiuliza. Kwake ilikuwa namba za ramani ya anga, si mahali pa kutazama, maana jicho haliwezi kuiona hata giza liwe vipi. Alitoa simu, akafungua programu ya ramani ya nyota, wakatoka nje wote, akaizungusha simu mpaka mshale ukatulia. Akainua kidole kuufuata.

Kidole kikaangukia jua.

Watu walikinga macho kwa viganja, wakaangalia, wakacheka kwa furaha, wakarudi ndani kwenye kivuli na magunia yao. Frank alimpa mkono. Yeye alibaki amesimama uani huku duara la kijani likiogelea machoni. Mwezi Oktoba jua linapita buruji ya Mashuke. Linapita hapo kila mwaka, halijawahi kukosa. Na galaksi iliyo mbali kiasi kile, ambayo haijui kama kuna dunia, wala mwaka, wala Ziwani, itajuaje kwamba huku kwetu Oktoba imefika?

Haijui. Kinachojua ni jua. Jua nalo, likipigwa na chembe zinazorandaranda angani, hutoa miale ya gama. Kidogo, lakini inatosha kuipita galaksi hafifu inapokaa jirani yake. Darubini haikuwa na kosa. Ilihesabu miale iliyoingia, na yeye ndiye aliyeiandika kwa jina la asiyeitoa. Kwenye mwongozo wa mahesabu kulikuwa na hatua ya kuondoa siku ambazo jua liko karibu. Aliiona, akairuka, akijisemea kwamba darubini iko angani, huko hakuna mchana wala usiku, jua linaingiaje.

Mtu aliyekulia mjini kwenye ghorofa angeshtuka mapema. Angesema, mbona hii inafuata kalenda yetu? Mwanakombo hakushtuka kwa sababu amekulia mahali ambapo kila chenye thamani kina mwezi wake. Maua yana mwezi wake, salfa ina mwezi wake, korosho ina mwezi wake, na harusi pia, maana nani anaoa kabla ya mnada. Alipoona kitu kinarudi kila mwaka, akakipokea kama mgeni anayemfahamu.

Jumamosi iliyofuata alishuka Magomeni na wazo moja la kuhakikisha, kwa sababu hofu peke yake si ushahidi. Alichagua mahali pengine kwenye njia hiyo hiyo ya jua, upande wa buruji ya Samaki, mahali pasipo na galaksi wala kitu chochote kinachong'aa, penye utupu mtupu. Akahesabu miale ya hapo kwa miaka yote. Kama ni jua, utupu huo nao utawaka kila Machi. Kompyuta ilihema kutwa. Alasiri mchoro ukatoka kwenye printa, na kila Machi mstari ulikuwa umepanda.

Nilza aliuchukua akautazama, akaelezwa, akaurudisha mezani taratibu. Yeye ni mfanyabiashara na hapendi kuona kazi inatupwa. Alimwambia anyamaze. Msimamizi ameona, amepitisha, watahini wana tasnifu mia moja za kusoma. Wakiuliza ajibu, wasipouliza yamepita, na cheti hakiandikwi maelezo. Alisema hivyo kwa mapenzi, na Mwanakombo alimwelewa. Alikaa muda mrefu akiangalia mtu anayetoa nakala ya kitambulisho, na ni kweli alilifikiria. Tusimtakase bure. Alifikiria miaka ile, alifikiria pembe ya kanga ya mama yake. Halafu akazima kompyuta akampigia Dokta Elia akiwa bado amesimama dukani, ili asipate nafasi ya kulala nalo.

Dokta Elia alisikiliza bila kumkatiza.

"Hilo nilipaswa kuliona mimi," akasema. "Nililitaka sana liwe kweli. Lakini, Mwalimu, tarehe haisogei. Ukiziondoa Oktoba zote, unabaki na nini?"

Mwanakombo alisema hajui, ila ataziondoa.

Nyumbani alimkuta mama yake uani, miguu ameinyoosha, anachambua. Alimweleza yote, na hakupunguza. Bi. Mwanaidi aliendelea kuchambua mpaka fungu likaisha, kwa sababu yeye hasikilizi mikono ikiwa imekaa bure. Aliuliza jambo moja, kama wale watu wa ghalani bado wanaamini yale ya msimu. Mwanakombo akasema ndiyo, wanaamini, na Mzee Sudi ameshaanza kuwaonyesha wajukuu.

"Basi umewamwagia mbovu," mama yake akasema. "Kawatolee kwanza hizo. Hao wa Dar baadaye."

Lilimuuma kuliko kitu chochote alichoambiwa na chuo, na alikasirika. Alitaka kusema kwamba hao wa Dar ndio wenye shahada mkononi, kwamba wakulima hawatamdai miale ya gama, kwamba anaweza kuwaeleza mwakani kwa utaratibu. Lakini alijua pia kitu kingine: akishasema pale, mbele ya turubai, hakuna tena mlango wa nyuma. Hataweza kurudi kwenye Oktoba zake hata Novemba ikimtisha vipi. Akaamua kuufunga huo mlango mwenyewe.

Siku iliyofuata ya kupokea korosho alimwomba Mzee Sudi nafasi, na Frank, aliyekuwa hajui kinachokuja, akamkaribisha kwa maneno mengi zaidi ya mwanzo. Mwanakombo alisema kwa kifupi. Alisema alikosea. Alisema galaksi haina msimu, kilichokuwa kinawaka kila Oktoba ni jua linalopita jirani yake, na siku ile aliponyoosha kidole ndipo alipojua, akanyamaza kwa sababu alitaka kuhakikisha kwanza. Sasa amehakikisha. Frank aliangalia viatu vyake.

Kulikuwa na mtani mmoja wa Kiyao, hakosi sehemu kama hizi, akauliza kwa sauti ya upole, "Kwa hiyo, Mwalimu, miaka yote hiyo ya kusoma, umetugundulia jua?"

Ghala lilicheka mpaka magunia yakatikisika, na Mwanakombo akacheka pia, ingawa machozi yalikuwa karibu. Mzee Sudi ndiye aliyewanyamazisha. Alisema yeye amesimamia turubai hili tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na anawajua waliowahi kurudi wenyewe kutoa jiwe kwenye gunia lililokwishapokelewa. Wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na bado vidole vinabaki. Kisha akaagiza gunia linalofuata. Kazi ikaendelea.

Kuanzia hapo hakuna aliyemwona Mwanakombo barazani. Alifundisha vipindi vyake, akapanda gari kwenda Magomeni siku yoyote iliyokuwa na nafasi, akaanza upya tangu hesabu ya kwanza. Aliondoa kila siku ambayo jua lilikuwa karibu na galaksi yake, akaondoa na za mwezi, maana mwezi nao una miale yake. Mchoro mpya ukatoka una mapengo kila mwaka, kama mdomo wa mzee, na kati ya pengo na pengo mstari ulilala chini. Hakuna msimu, hakuna mashimo mawili yanayozungukana. Nilza alimwekea chai na chapati mezani akaenda kuhudumia wateja.

Kilichobaki ni kile kichaka cha katikati ya njia. Juni ile moja. Jua lilikuwa mbali wakati ule, upande mwingine kabisa wa anga, na mpando ulisimama pale pale, mkali, hautikisiki. Mwanakombo aliurudia akiwa na aibu kidogo, kama mtu anayelazimika kumwomba radhi ndugu aliyempita njiani bila salamu. Badala ya mwezi kwa mwezi, alihesabu siku kwa siku. Badala ya siku, saa kwa saa. Akaona kwamba mwanga ule uliongezeka maradufu ndani ya saa chache tu, kisha ukaanguka, kisha ukaruka tena.

Kitu kikubwa hakiwezi kuwaka chote na kuzimika chote kwa haraka, maana mwanga wa upande wa nyuma unachelewa kutufikia nyuma ya ule wa mbele. Kikiwaka ndani ya saa chache, basi nacho ni kidogo kiasi cha mwanga kukivuka kwa saa chache, hata ukiuhesabia na ule mwendo wa kasi wa mkondo. Galaksi nzima, yenye nyota zisizo na idadi, na moto wote ule ulitoka kwenye kipande kisichozidi sana eneo la jua letu na sayari zake, ndani ya mkondo ulioelekezwa usoni kwetu. Hakuna msimu hapo. Mashine iliwashwa mara moja, na aliyekuwa mbele ya bomba akapigwa. Aliirudia hesabu mpaka akaichukia, akiutafutia ule mpando kila sababu ya kuukataa. Haukukataliwa.

Aliandika sura mpya juu ya Juni. Zile Oktoba hakuzitupa. Aliziweka kwenye sura yake, pamoja na ule utupu wa Machi, akaeleza alivyokosea na jinsi ya kulijua kosa. Dokta Elia alimshauri aiweke nyuma kama kiambatisho, watahini wasije wakaanza na ubaya. Mwanakombo alikataa kwa adabu. Alisema kwao mbovu hutajwa kabla ya kuulizwa.

Siku ya kutetea ilifika, akasimama Dar es Salaam mbele ya watahini watatu, katika chumba chenye dirisha kubwa na kiyoyozi kilichokuwa kikimpiga shingoni. Alianza na Oktoba. Aliona mtahini mmoja, mwanamama mwenye miwani aliyekuwa akifunua kurasa, anaacha kufunua. Walimuuliza kwa muda mrefu na hawakumhurumia. Walitaka kujua kama Juni nayo si jua, akajibu. Kama si mwezi, akajibu. Kama si galaksi nyingine jirani, hapo alijibu nusu na nusu akasema haijui bado, na kwamba imeandikwa hivyo ndani.

Mwanamama mwenye miwani ndiye aliyeuliza la mwisho. Alimwambia sogea dirishani, nionyeshe kwa kidole iko wapi sasa hivi.

Ilikuwa karibu adhuhuri. Mwanakombo hakuhitaji simu; tangu siku ile ya ghalani hajawahi tena kutojua iko wapi. Jua lilikuwa limeshaiacha Mashuke nyuma. Alinyoosha mkono kuelekea magharibi ya jua, kwenye samawati tupu juu ya paa la jengo la jirani, na macho yake hayakupigwa na kitu.

"Pale," alisema. "Na nisingenyoosha kidole mbele ya watu wangu, ningekuja kwenu na jua."

Walimtoa nje wakashauriana, wakamwita. Amefaulu, afanye masahihisho madogo, na sura ya Oktoba isiguswe. Dokta Elia alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa chafu.

Alitoka mpaka uwanjani, akatafuta kivuli, akampigia mama yake. Simu iliita sana. Ilipopokelewa alisikia kwanza korosho zikimiminwa, halafu sauti.

"Umezimwaga zote?" Bi. Mwanaidi aliuliza.

"Nimezimwaga zote, mama."

"Wamechambua?"

"Wamechambua sana."

"Imebaki nini?"

Mwanakombo alitaka kumwambia habari za shahada, lakini alijua anachoulizwa.

"Imebaki moja," alisema. "Nzima."

Upande wa pili korosho ziliacha kusikika, na Mwanakombo akajua kwamba mama yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, amesimamisha mikono kumsikiliza.